Somo la Afya ya Akili: Sanaa Unayoingia Ndani Yake

Mkazi wa Buruburu anayepanda nganya ya namba 58 huingia ndani ya sanaa. Taa, michoro na muziki unaotetemesha viti hubadilisha hisia zake kabla hajafika mjini. Sanaa ya usimikaji hufanya kazi vivyo hivyo: msanii hupanga vitu, mwanga na sauti mahali pamoja, na mtazamaji huingia katikati.

Inahusianaje na maradhi ya akili?

Mguu ukivunjika, plasta huonekana. Sonona, au kusikia sauti wasizosikia wengine, haionekani kwenye eksirei. Chumba kilichopangwa na msanii humwonjesha asiyeugua sehemu ya hali hiyo.

Yayoi Kusama wa Japani, aliyezaliwa 1929, aliona tangu utotoni madoa na maua yakienea kila mahali. Mwaka wa 1965 alitengeneza chumba cha vioo ambamo madoa hujirudia bila mwisho. Mwaka wa 1977 alihamia kwa hiari katika hospitali ya akili jijini Tokyo, akaendelea na kazi yake.

Nchini Marekani, mwaka wa 2003, Anna Schuleit alijaza maua 28,000 ya vyungu katika jengo la hospitali ya akili ya Boston lililokuwa likifungwa. Alikuwa ametambua kwamba wagonjwa wa akili hawaletewi maua kama wagonjwa wengine.

Hapa Kenya, mchoraji Sane Wadu, aliyezaliwa 1954, aliacha ualimu ili achore. Watu walipomwita mwendawazimu, alijiita Sane, neno la Kiingereza lenye maana ya mwenye akili timamu. Jirani hutoa jina haraka. Kupima ni kazi ya daktari.

Zoezi la vikundi

Buruburu ina chuo chake cha sanaa, BIFA, na vijana wengi wenye vipaji. Kikundi kinaweza kujaribu hivi:

1. Wekeni redio tatu katika chumba kimoja, zote zikizungumza kwa pamoja.
2. Mpeni mgeni fomu ya kuomba kazi aijaze humo kwa dakika tano.
3. Kaeni naye nje, aeleze alivyojisikia.

Mlango ubaki wazi, asilazimishwe mtu, na mhudumu wa afya ya jamii awepo. Msitumie jina wala picha ya mgonjwa yeyote.

Msaada upo

Huzuni inayodumu wiki mbili au zaidi, kukosa usingizi na kujitenga ni sababu ya kwenda kituo cha afya. Hospitali ya Mathari imekuwepo tangu 1910. Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa 2022, inazipa kaunti wajibu wa kutoa huduma hizi. Januari 2025, Mahakama Kuu iliamua kwamba kumshtaki aliyejaribu kujitoa uhai kunakiuka Katiba. Kwa hivyo, familia isimfiche mgonjwa kwa kuogopa polisi. Impeleke hospitali, na ikienda kumwona, imchukulie maua.