Somo: Siku za Kwanza China, Kupokea Kabla ya Kutoa



Wapendwa vijana, wapo wenzetu wanaojiandaa kwenda China na kundi la wanafunzi, na swali lao kubwa ni hili: "Tutamshuhudiaje Kristo kule?" Swali zuri sana. Ila jamani, siku tatu za kwanza hutakuwa na neno hata la kuombea maji. Na sheria ya China hairuhusu mgeni kuhubiri hadharani au kutafuta waumini. Sasa kinabaki nini?

Tusome: Lk 10:1-9

Yesu anawatuma wanafunzi 72 wawili wawili, bila mfuko wa fedha. Angalia mpangilio wa maagizo yake. Wakifika, kwanza watoe salamu ya amani. Kisha wakae na kula wanachoandaliwa. Baada ya hapo ndipo anapotaja kuponya wagonjwa na kutangaza Ufalme. Kumbe mitume wale walianza kama wageni wanaolishwa! Sisi tunapenda kurukia ile sehemu ya kutangaza.

Siku zenyewe zikoje?

Saa za China ziko mbele ya zetu kwa saa 5. Saa 12 asubuhi ya nyumbani, kule ni saa 5 asubuhi. Kwa hiyo usiku utakodoa macho darini, mchana usinzie mezani. Hotelini watachukua pasi yako wakuandikishe. Ukifikia nyumbani kwa mtu, lazima uandikishwe polisi ndani ya saa 24.

WhatsApp, Google na Instagram hazifunguki kwa intaneti ya kawaida ya huko, basi mwambie mama kabla hujaondoka, asije akadhani umepotea. Madukani watu wanalipa kwa simu, WeChat au Alipay, na wewe umesimama na noti zako foleni ikirefuka nyuma. Mezani kuna vijiti, na maji ya kunywa yanaletwa ya moto. Lugha nayo ina toni nne: "ma" ikisemwa hivi ni mama, ikisemwa vile ni farasi.

Hapo ndipo jaribu linapoingia. Kundi linajifungia chumbani, linapika ugali, linawacheka wenyeji na kuhesabu siku za kurudi. Au kijana mmoja anazidiwa na upweke na hakuna anayemuona, kwa sababu kila mtu anapigana na hali yake. Sala zenyewe zinaachwa kimyakimya: "tutaanza tukizoea." Wengi hawaanzi tena.

Tujifunze kwa Padre Matteo Ricci

Mjesuiti huyu Mwitalia alifika Macau mwaka 1582, na mwaka uliofuata akapata nafasi ya kukaa Zhaoqing pamoja na Padre Michele Ruggieri. Hakuanza na mimbari. Alikaa chini kujifunza lugha na vitabu vya Wachina kama mwanafunzi. Mwaka 1595 akaandika kwa Kichina kitabu kidogo, na mada yake ilikuwa urafiki. Beijing aliruhusiwa kukaa mwaka 1601, yaani miaka 18 baada ya Zhaoqing! Rafiki yake msomi Xu Guangqi alibatizwa mwaka 1603, na wawili hao wakatafsiri pamoja vitabu sita vya kwanza vya jiometria ya Euclid. Ricci alifariki mwaka 1610 akazikwa Beijing. Desemba 2022 Papa Fransisko alitambua fadhila zake za kishujaa.

Mkifika Beijing, kanisa la Nantang liko Xuanwumen, karibu na stesheni ya treni ya chini ya ardhi. Asili yake ni makao ya Ricci mwenyewe. Hutaelewa maneno ya Misa ya Kichina, lakini utajua ni wakati gani wa kupiga magoti. Mwenyeji wa pembeni yako naye atapiga, na mtapeana amani.

Kazi ya kundi kabla ya safari

1. Gawaneni wawili wawili. Kila jioni muulize mwenzako: umekula? Umelala? Umesali?
2. Jifunzeni maneno matatu: *nǐ hǎo* (salamu), *xièxie* (asante), *duìbuqǐ* (samahani).
3. Chagueni saa ya sala fupi ya pamoja, ianze usiku uleule wa kufika.
4. Jadilini: ni lini mara ya mwisho ulikubali kusaidiwa bila kuona aibu? Kwa nini ni vigumu?

Tusali

Bwana Yesu, ulikuwa mgeni ukala kwenye meza za watu. Utujalie moyo wa kupokea mkate, neno na msaada kutoka kwa tusiowajua. Utulinde tusiachane njiani. Amina.

Safari njema, na msisahau kumwambia mama!