Kitimoto na Marafiki: Tujihadhari na Tegu

Jumapili baada ya Misa, au mwisho wa mwezi, marafiki wengi hapa Dodoma hukutana kula kitimoto. Nyama huagizwa kwa kilo, ikaletwa katika sinia moja pamoja na ndizi za kukaanga, kachumbari na pilipili. Kula pamoja ni jambo jema. Hata Bwana wetu aliketi mezani na watu. Lakini yafaa tujue kuwa uzembe katika chakula hicho unaweza kuleta kifafa.

Tegu ni nini?

Tegu wa nguruwe ni mnyoo bapa, mrefu wa mita kadhaa, anayeishi ndani ya utumbo wa mtu. Tunampata kwa kula nyama ya nguruwe isiyoiva, yenye vifuko vidogo vyeupe kama punje za mchele. Mara nyingi mwenye tegu hasikii maumivu yoyote, lakini kinyesi chake kina mayai mengi. Nguruwe anayezurura akila kinyesi hicho, naye hupata vifuko.

Kifafa hutoka wapi?

Hapa wengi hukosea. Nyama isiyoiva huleta tegu. Mayai ya tegu ndiyo huleta vifuko katika mwili wa mtu. Mpishi au mlaji mwenye tegu asiponawa kwa sabuni atokapo chooni, mayai hubaki kwenye kucha, yakaingia katika kachumbari au sinia. Yakimezwa, wadudu wake hupita katika damu hadi kwenye ubongo. Kifafa huweza kutokea hata baada ya miaka. Kwa hiyo asiyeonja kitimoto kamwe anaweza kuugua pia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa, katika sehemu nyingi zenye tegu huyu, wagonjwa 30 katika kila 100 wa kifafa wameupata kwa njia hii.

Tufanye nini?

1. Tununue nyama iliyokaguliwa na mkaguzi wa nyama.
2. Nyama iive hadi ndani. Ikiwa bado nyekundu, irudishwe jikoni bila aibu.
3. Tunawe kwa sabuni na maji ya kumiminiwa. Maji ni ya shida, lakini beseni moja la watu wote si kunawa.
4. Mboga za kachumbari zioshwe kwa maji safi na salama.
5. Tutumie choo, na nguruwe tuwafungie bandani.
6. Anayeona vipande bapa vyeupe katika kinyesi aende hospitali. Aliyewahi kuanguka kifafa amweleze daktari kabla ya kumeza dawa ya tegu, kwani dawa hiyo inaweza kuamsha kifafa.

Kifafa si mapepo, wala hakiambukizi kwa kumgusa mgonjwa. Tusimtenge, tumpeleke akatibiwe.

Maswali kwa Jumuiya Ndogondogo

1. Kwa nini asiyekula nguruwe naye yumo hatarini?
2. Je, katika sherehe zetu tunanawaje mikono?