Anapepesuka au anachechemea?

Mtu anayekwenda akiyumba huku na huku, kama mlevi aliyetoka kilabuni usiku, anapepesuka. Hilo kila mtu analijua. Kasoro ni kwamba waandishi wengi humbandika neno hilo yeyote asiyetembea sawasawa. Kabla hujaliandika, angalia hitilafu iko wapi.

Aliyechomwa na mwiba hapepesuki. Anachechemea, maana mguu mmoja hataki kuukanyagia. Bibi anayeegemea mkongojo anajikongoja. Mtoto aliyeachia kiti, magoti yakimtetemeka, amesimama dede. Lakini anayepepesuka miguu yake huenda ni mizima kabisa, ila mwili haukai wima: anaelemea kushoto, anajirudi, anakwenda kulia, anadaka ukuta. Muuguzi akiandika “anachechemea” kwa mgonjwa wa namna hii, daktari ataanza kukagua goti, kumbe mwenzake ana kizunguzungu.

Halafu taja sababu. Kitenzi hiki kimezoeana mno na pombe; ukikiacha kitupu, msomaji atasikia harufu ya gongo hata pasipo na tone. Andika “akipepesuka kwa njaa”, “kwa usingizi”, “kwa homa”, na mhusika wako amesalimika na kashfa.

Wanaotafsiri riwaya hukwama kwingine. Huandika “alipepesuka hadi mlangoni”, sentensi ambayo sijawahi kuisikia kibarazani. Kupepesuka kunaeleza namna ya mwendo. Safari yenyewe inahitaji kitenzi chake, nacho hutangulia: “alikwenda mlangoni akipepesuka”, “aliingia akipepesuka”. Kikisimama peke yake kinafaa kwa jambo la papo hapo. Bondia kala konde la taya, kapepesuka, kadaka kamba. Ukitaka kulitaja konde, sema limempepesua. Na usichanganye na kupepesa, maana hiyo ni kazi ya macho.

Kwa vitu visivyo na miguu, yako maneno mengine. Shilingi huyumba, ndoa huyumba, serikali pia. Mradi usiosonga mbele husuasua. Mtangazaji wa mpira anayesema timu inapepesuka tangu duru ya pili ianze anaivisha timu mwili wa mlevi, na kama ndivyo alivyokusudia, mwacheni aseme.