SOMO LA WIKI: Ujuzi nao ni mtaji

Kama mazao, ujuzi wa mfanyakazi nao una soko lake. Tuchukue mfano wa iHub, kituo cha ubunifu cha Nairobi. Kilianzishwa mwaka 2010 na Erik Hersman, mmoja wa waasisi wa Ushahidi, programu iliyozaliwa wakati wa ghasia za uchaguzi wa Kenya mwaka 2008. Mwaka 2019 kilinunuliwa na CcHUB ya Lagos. Kituo huuzwa, ujuzi wa mfanyakazi hubaki wake.

Hivyo, kijana uliyeajiriwa kituo cha namna hiyo, usihesabu semina. Kila mwisho wa mwezi jiulize: Naweza kukokotoa gharama ya huduma moja? Nimemsikiliza mteja gani? Wafadhili wakiondoka, nani atanilipa? Asiye na jibu la tatu hajakua. Amezeeka kazini tu.