Insulini, Barakoa na Tawakkul



Binti mmoja wa mwaka wa kwanza aliniuliza hivi karibuni, baada ya swala ya alasiri, kama kujidunga sindano kila siku si upungufu wa tawakkul. Ana kisukari aina ya kwanza kama mimi. Nilimjibu kwa kifupi, kisha nikaona swali lake linastahili jibu refu, maana nami niliwahi kulijibu vibaya, tena kwa vitendo.

Tarehe 20 Machi 2020 shule na vyuo vya Uganda vilifungwa. Nikarudi nyumbani Walukuba, Jinja, na vichupa viwili vya insulini. Siku chache baadaye teksi zikasimamishwa, bodaboda zikakatazwa kubeba abiria, na mwisho wa mwezi ikaja amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja jioni. Nikaanza kubana dawa. Penye uniti 14 nikadunga 10, nikijiambia Allah (s.w.) atatosheleza. Haikupita muda nikawa nakunywa maji bila kutosheka, naamka usiku mara tano, nguo zinanipwaya. Mama ndiye aliyegundua. Hakunihubiria. Alivaa viatu, akachukua kadi yangu ya kliniki, akaenda hospitali kwa miguu na kurudi na dawa kabla ya saa ya amri.

Ndugu zangu, katika aina hii ya kisukari kinga ya mwili yenyewe huharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Kuacha sukari kwenye chai hakuzirudishi, wala mwarobaini. Bila insulini mwili huchoma mafuta yake, asidi hujaa damuni, na mtu anaweza kufa kwa muda mfupi. Hata ukiugua homa ukashindwa kula, insulini haiachwi. Hupimwa sukari mara nyingi zaidi na daktari huulizwa kipimo. Kabla ya mgonjwa wa kwanza kudungwa insulini huko Toronto, Januari 1922, ugonjwa huu haukuwa na tiba. Na wanaonong'ona kuhusu nguruwe: ni kweli zamani ilitolewa kwenye kongosho za ng'ombe na nguruwe. Insulini ya binadamu tunayodungwa siku hizi hutengenezwa kwa bakteria au hamira.

Wanafunzi wa mwaka wa mwisho tuliruhusiwa kurudi tarehe 15 Oktoba 2020. Nilipanda teksi Jinja, tukapita Iganga, Tirinyi na Kamonkoli, insulini ikiwa ndani ya chupa ya chai, imezungushiwa kitambaa kibichi. Barafu sikuweka, kwa sababu insulini ikiganda imeharibika. Hosteli ya Mbale haikuwa na jokofu, nikatumia mitungi miwili ya udongo, mmoja ndani ya mwingine, mchanga uliolowa katikati.

Mtungi niliuficha chini ya kitanda, na maradhi yangu pia. Redio zilikuwa zikisema kila siku kwamba wenye kisukari wakipata korona huzidiwa zaidi, nami nikahofia wenzangu wataniona kama maiti anayetembea. Wiki ya tatu, katikati ya jaribio, mikono ikaanza kutetemeka na jasho likalowesha barakoa. Msimamizi alidhani ni hofu ya mtihani, angejuaje? Nikateleza kwenye kiti. Mtu akasema korona, na darasa zima likarudi nyuma.

Dada mmoja tu ndiye aliyesogea. Mjomba wake ana kisukari, akaitambua ile jasho. Akanishusha barakoa na kuninywesha nusu ya soda ya mililita 300, ile ya sukari ya kawaida. Nilikuwa bado naweza kumeza. Aliyezimia hatiwi kitu mdomoni, hukimbizwa hospitali. Baada ya dakika 15 nikajipima tena, sukari imepanda.

Usiku ule nilikumbuka kisa cha Umar (r.a.). Alipofika Sargh, njiani kwenda Sham, alisikia tauni imeingia huko, akageuza msafara. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah, naye akajibu kwamba anatoka kwenye kadari Yake kwenda kwenye kadari Yake. Kisa hiki tulikisoma sana mwaka ule, tukiwaeleza wazee kwa nini misikiti imefungwa. Sikuwahi kukielekeza kwenye kichupa changu. Mimi niliyepunguza dozi na kuficha ugonjwa nilidhani ninamtegemea Allah, kumbe nilikuwa naogopa gharama na naogopa watu.

Ramadhani ya 2021 daktari alinikataza kufunga. Sindano yenyewe si tatizo: Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, chini ya OIC, iliamua mwaka 1997 kwamba sindano ya chini ya ngozi isiyo ya lishe haibatilishi saumu. Tatizo ni sukari kushuka mchana. Rukhsa ya mgonjwa imo katika Suratul Baqara, na asiyetarajia kupona hutoa fidia. Niliikubali kwa shida. Siku za mwanzo nilikula nyuma ya pazia kama mwizi.

Binti yule aliniuliza tena, amwambie nani. Nikamwambia aanze na wa chumbani, kisha kiongozi wa hosteli, kisha mwalimu wa darasa kabla ya mitihani, na sukari iwe mfukoni hata msikitini. Jana alinionyesha mtungi wake, ameuweka wazi kando ya dirisha. Mchanga ulikuwa umekauka, tukaumwagia maji.