Kigoda cha Miguu Mitatu: Fundi Anajibu

Fundi, kwa nini miguu mitatu na si minne?

Miguu mitatu hukanyaga yote popote ukiweka kigoda: hapa Kigoma, kwenye mchanga wa Kibirizi au uani Ujiji penye mizizi ya miembe. Cha minne huyumba pakiwa na kishimo kidogo tu. Lakini ukikalia ukingo ulio kati ya miguu miwili, cha mitatu hupinduka. Kwa hiyo tanua miguu mpaka nyayo zifike usawa wa ukingo wa kikalio, au zipite kidogo.

Nitumie mti gani?

Mninga. Unachongeka vizuri, haupindi sana ukikauka, na mchwa hawaupendi. Usinunue gogo lisilo na karatasi za TFS (Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania). Miombo yetu ya Kigoma imekatwa mno. Mwembe uliozeeka uani unafaa pia, ila utie dawa mapema, kwani wadudu huutoboa upesi.

Changu kililegea miguu baada ya miezi michache. Tatizo ni nini?

Miguu ilipachikwa mibichi. Mti ukikauka hupungua unene, basi ulimi wa mguu hubaki ukicheza ndani ya tundu, na gundi haitakuokoa. Wengi wanaoharakisha kazi wanaharibu hapa. Miguu ikauke zaidi kuliko kikalio: iweke darini juu ya jiko la kuni, kikalio kikae kivulini. Ukishapachika, kikalio kitaendelea kukauka na kuubana ulimi chenyewe. Kwa kikalio cha unene wa inchi 2, ulimi wa unene wa inchi 1 unatosha. Toboa tundu likiinama kufuata mtanuko wa mguu, lipite hadi juu, kisha pasua ncha ya ulimi na upige kabari. Kabari ikatize nyuzi za kikalio. Ukiilaza kufuata nyuzi, utakipasua kikalio ulichokichonga kwa jasho.

Naweza kukipaka mawese?

Hapana. Mawese hayakauki, yatashika vumbi na kuchafua nguo za wageni wako. Paka nta ya nyuki iliyoyeyushwa, usugue kwa kitambaa.

Sina mashine. Nitaweza?

Utaweza. Tezo, msumeno, patasi na keekee vinatosha kabisa. Ila anza mapema: kata miguu ya kigoda mwanzoni mwa kiangazi, mwezi wa Juni, uiache ikauke kabla mvua za Oktoba hazijarudi.