CHUNGU KIMOJA, MAJINA MATANO

Somo langu ni la msamiati wa mapishi, na sikulitoa katika kamusi peke yake. Nililipata barabarani wakati wa likizo, nilipoandamana na mjomba wangu, dereva wa lori, akipeleka chumvi Kakamega kutoka Mombasa.

Mjomba ana kanuni moja. "Mpwa wangu," aliniambia, "chipsi ni za watalii. Dereva hula kitu cha kushika tumbo." Basi kila tulipotua aliagiza chakula kilekile: mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Lo! Jina likabadilika kila mahali, na mapishi pia.

1. PURE. Hili ni neno la Kiswahili, wala si la Kifaransa kama wengine wanavyodhani. Mombasa, kabla hatujaondoka, mke wa mjomba aliloweka mahindi makavu usiku kucha, akayachemsha na kunde, kisha akaiunga pure yake kwa tui zito la nazi. KUUNGA ni kutia viungo au tui ili chakula kikolee. Wenzetu wa Tanzania huita chakula cha namna hii kande au makande.

2. ISYO. Emali, Ukambani, tuliuziwa isyo, na pembeni kulikuwa na sufuria ya nduguye, muthokoi. Mahindi ya isyo hupikwa na maganda yake. Ya muthokoi hunyunyiziwa maji, yakatwangwa kinuni hadi maganda yatoke, kisha yakapepetwa kwa ungo. Huko ndiko KUKOBOA. Tusichanganye na KUPUKUCHUA, yaani kutoa punje katika gunzi.

3. GITHERI. Hii mnaijua, si ndiyo? Lakini ile ya Limuru, kwenye baridi kali, ilikuwa na viazi, karoti na kitunguu kilichokaangwa vizuri. Mama mwenye hoteli alisema inayobaki huweza kupondwa na viazi na majani ya malenge ikawa mukimo. Kumbuka: viazi HUPONDWA, ugali HUSONGWA.

4. NYOYO. Ahero, karibu na mashamba ya mpunga, mama mmoja aliniuliza, "Nyathina, nikuwekee nyoyo?" Nyathina ni "mwanangu" kwa Kijaluo. Akaniletea na chai ya maziwa. Hapo nikajua kwamba chakula hiki si cha mchana tu. Ni cha asubuhi pia.

5. MAHENJERA. Kakamega, baada ya kushusha mizigo, tulikaribishwa mahenjera na strungi, yaani chai isiyo na maziwa. Hakukuwa na nazi wala viazi, chumvi tu. Mjomba alimaliza sahani mbili!

SARUFI KIDOGO. Maneno haya yakiingia katika Kiswahili, mengi huchukua ngeli ya I-ZI: githeri imeiva, nyoyo imepoa, pure imeungwa. Mahenjera, kwa sababu ya ma- yake, husikika zaidi hivi: mahenjera yameiva.

Sasa nifike kwenye kiini. Sote tunajua yanayotokea bwenini. Mwanafunzi mgeni akisema nyoyo, anachekwa mpaka aseme githeri. Anayetoka Pwani akisema pure, anaambiwa anajifanya Mzungu. Mnadhani ni mzaha tu? Mwenzetu akishaona haya kutaja chakula cha mamake, hunyamaza. Akinyamaza mezani, atanyamaza darasani, na insha yake itajaa keki na soseji ambazo hajawahi kuzionja. Kisha tunalalamika kwamba insha zetu hazina uhai!

Isitoshe, hakuna anayeweza kumcheka mwenzake kwa haki. Mahindi na maharagwe asili yake ni Amerika. Mahindi yalifika pwani yetu baada ya Wareno kutua hapa mwaka wa 1498. Kwa hivyo sote tulipokea mgeni yuleyule, kila mmoja akampa jina kwa lugha ya nyumbani kwake. Kiswahili ni lugha yetu ya kukutania. Kina pure yake, na hakipungukiwi na kitu kikizikaribisha isyo na nyoyo. Ukiandika neno la kwenu, lieleze kwa maneno machache ili msomaji wa kwingine akufuate. Basi.

MAZOEZI
(a) Tofautisha kwa sentensi: kukoboa na kupukuchua; kuponda na kusonga.
(b) Sahihisha: Githeri kimeungua.
(c) Muulize nyanya au mama yako jinsi anavyopika mahindi na maharagwe. Andika aya moja, ukitumia jina analolitumia yeye, na uilete katika mkutano wa chama. Atakayecheka jina la mwenzake ataosha sufuria!